Ngamia wa Wathila na injini za mtumba: kasoro iliyofichwa katika biashara



Mwanafunzi anayesoma mlango wa biashara katika vitabu vya fiq-hi hukutana na ngamia, mbuzi wa maziwa, tende, mayai na matikiti. Wengi hudhani kuwa mlango huo umepitwa na wakati, wakaupita haraka ili wafike kwenye ndoa na mirathi. Sisi tunaona kinyume chake. Yapo mambo ya soko letu la leo ambayo hayana maelezo bora zaidi kuliko yale waliyoyaandika wanavyuoni juu ya mnyama aliyefungwa chuchu ili aonekane ana maziwa mengi. Moja ya mambo hayo ni biashara ya injini na spea za mtumba.

Tuchukue mfano wa mtu wa Endabash, wilayani Karatu. Ana lori dogo, hubeba mahindi, maharage na mbaazi kwenda Karatu mjini, na msimu mwingine hupakia vitunguu vya Mang'ola kutoka bonde la Ziwa Eyasi. Injini imekufa. Mpya hawezi kuinunua, kwa hiyo anatafuta ya mtumba. Anauza ng'ombe, anakopa kwa shemeji, anamchukua fundi wake na kushuka Arusha, ambako kutoka Karatu mjini ni takriban kilomita 140. Dukani anaonyeshwa injini safi, imepakwa rangi, na ikiwashwa inaitika mara moja. Haulizi kwa nini ilikuwa ya moto alipoigusa. Analipa, anapewa risiti yenye maandishi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wiki haijaisha, lori linatoa moshi, linakunywa oili, na oili yenyewe imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Fundi anafungua silinda hedi na kukuta ufa uliozibwa kwa gundi. Anaporudi dukani anaambiwa mambo mawili: risiti umeisoma, na injini umeshaifungua.

Je, muuzaji huyo ana haki? Na kama hana, mnunuzi afanye nini, hali ya kuwa Karatu hakuna kadhi? Kabla ya kujibu, inafaa tujue kwanza soko hili lilivyotufikia.

Wazee wanakumbuka kuwa miaka ya 1970 mtu hakuwa na chaguo la injini. Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la serikali, na fedha za kigeni zilipungua baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, kisha vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikamaliza zilizobaki. Malori yalilala uani kwa kukosa kifaa kidogo tu. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa nyingi zilizofichwa zilifichuliwa. Maovu ya soko la wakati ule yalikuwa zaidi ni ihtikari, yaani kuficha bidhaa ili ipande bei. Mwaka 1984 mlango wa biashara ulianza kufunguliwa, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha walizonazo nje, na katika awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi ukafunguka zaidi. Hapo ndipo mtumba ulipoingia kwa wingi, kuanzia nguo hadi magari. Ihtikari ikapungua, ghishi ikachukua nafasi yake. Yaani zamani ulinyimwa kitu, na sasa unapewa kitu kisicho kile ulichoambiwa.

Injini zenyewe nyingi asili yake ni Japani. Nchi hiyo ina ukaguzi wa lazima wa magari unaogharimu fedha nyingi, hivyo wenye magari huyaacha mapema, na gari lililoachwa huvunjwa na injini yake kuuzwa. Wao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo magari yao yanatufaa bila kubadilishwa usukani. Nyingine hupitia Dubai na Sharjah, ambako kuna masoko makubwa ya spea zilizotumika, na wanunuzi kutoka Afrika Mashariki ni wateja wa kila siku. Kutoka hapo huja Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, au soko la Kisekka la Kampala, kisha husambaa hadi miji kama Karatu. Katika mlolongo huo injini hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja anaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba yeye hakuijua ilivyokuwa kwa mwenyewe wa kwanza. Maneno hayo, "mimi sikujua", tutayarudia, kwani hukumu ya sheria imejengwa juu yake.

Mwenye asili ya ghishi hakuanza na chuma. Hadithi iliyo katika Sahihi ya Muslim inaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikagusa unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, yule bwana alieleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwake. Tuangalie vizuri: muuzaji hakumwaga maji kwa mkono wake. Mvua ilinyesha kwa qadari ya Allah. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa rundo, kavu juu na bichi chini. Na watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili vizuri. Karafuu ya Unguja iliuzwa kwa mizani, na karafuu yenye unyevu au iliyochanganywa na vikonyo ina uzito zaidi, mpaka mwaka 1934 serikali ya huko ikaweka sheria ya ukaguzi na madaraja ya mazao yanayosafirishwa nje. Injini iliyooshwa kwa dizeli na kupakwa rangi ni rundo lile lile, kavu juu na bichi chini.

Ama ufundi wa kuficha, umekuwa elimu peke yake. Injini iliyochoka hupata shida kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo huwashwa mapema ili mnunuzi aikute ya moto. Sauti ya chuma kinachogonga hunyamazishwa kwa oili nzito kuliko inayotakiwa. Gia boksi linalolia hutiwa unga wa mbao. Ufa hubandikwa gundi na juu yake rangi. Injini iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka hapa hapa nchini huitwa ya Japani, na spea ya bandia huvishwa boksi la kampuni maarufu. Wapo pia wanaokuonyesha injini moja na kukupakilia nyingine usiku.

Sasa afungue mwanafunzi kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), kitabu kilichosomeshwa kwa vizazi vingi Lamu na Unguja. Katika mlango wa khiyari, baada ya kutaja mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa asikamuliwe ili kiwele kijae siku ya kuuzwa, anaongeza mfano wa mwenye mfereji au kinu cha maji. Huyo huyazuia maji yajikusanye, na mnunuzi anapofika huyaachia, kinu kikazunguka kwa nguvu isiyokuwa yake. Hilo humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Hatujui mfano ulio karibu zaidi na injini iliyowashwa kabla mteja hajafika! Kisha anataja mtumwa, kwa desturi ya zama hizo, aliyepakwa weusi kwenye nywele ili aonekane kijana: hapo pia haki ya kurudisha ipo. Lakini akitiwa madoa ya wino kwenye nguo ili adhaniwe ni mwandishi, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hana haki ya kurudisha, maana ilikuwa rahisi kumpa kalamu na kumwambia aandike.

Tofauti hii ya nywele na wino ina faida kubwa kwa mas'ala yetu. Rangi mpya kwenye chuma tu, bila ya kuficha jambo, kwetu sisi ni kama doa la wino. Mtu mzima hanunui injini kwa rangi, na akifanya hivyo amejidhulumu mwenyewe. Oili nzito iliyowekwa kuua sauti, na moto uliotangulizwa, ni kama nywele zilizotiwa weusi. Ama ufa uliozibwa, huo ni kasoro yenyewe, na hauhitaji hata kupimwa kwa mifano hii. Na katika hali zote mbili muuzaji aliyekusudia kudanganya ana dhambi. Wanavyuoni hapa wanazungumzia haki ya kurudisha tu, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili wakadhani kuwa asiyelazimika kupokea mali amesalimika mbele ya Allah.

Tunakuja sasa kwenye yale maandishi ya risiti. Hapa ndipo penye uzito wa makala hii, kwa sababu Waislamu wengi, wauzaji na wanunuzi, wameyachukua maandishi hayo kama hukumu iliyoteremka.

Sharti la muuzaji kujitoa katika kasoro halikuanza leo. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Khalifa hakusema kuwa sharti ni sharti, mambo yamekwisha. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakujua kuwa ana maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Naye akapona, na baadaye akauzwa kwa dirhamu 1500. Tusimdhanie vibaya Swahaba huyu, ambaye uchamungu wake unajulikana. Wengi walikuwa wakikwepa kiapo hata wakiwa wakweli. Linalotuhusu ni hukumu: sharti la kujitoa, kwa mujibu wa Uthman, halimlindi mtu na kile alichokijua.

Imamu Shafi'i (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820) aliijenga rai yake juu ya hukumu hii, akaifunga kwa mnyama. Maelezo yake ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ni nadra kukosa kasoro ya ndani isiyoonekana, kwa hiyo muuzaji ana udhuru. Ndiyo maana kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa sharti la kujitoa humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: kasoro ya ndani, katika mnyama, ambayo hakuijua. Kasoro aliyoijua haimo. Kasoro ya nje haimo. Na vitu visivyokuwa mnyama, kama nguo na vyombo, havimo kabisa, hata kama muuzaji hakujua.

Je, injini ni mnyama au chombo? Swali linachekesha lakini si la mzaha. Mwenye kuitetea duka anaweza kusema kuwa injini nayo hunywa, huchoka, huugua ndani kwa siri, na muuzaji wa Gerezani hakuifungua. Hoja hii ina sura ya kiasi, na anayefuata madhehebu ya Hanafi hahitaji hata kuitafuta, kwani kwao sharti la kujitoa katika kila kasoro linakubalika kwa upana zaidi. Lakini sisi tunaona kuwa haisimami katika madhehebu ya Shafi'i. Mnyama hageuki kwa mkono wa mtu. Injini haiugui ikiwa imelala dukani, na aliye na vifaa anaweza kuipima mgandamizo wa silinda zake kwa muda mfupi. Muuzaji mwenye duka la injini ambaye hapimi, amechagua kutojua. Kwa hiyo maandishi ya risiti hayamzuii mtu wa Endabash kurudisha injini yenye ufa. Na kama ufa ulizibwa na muuzaji mwenyewe, au aliujua, basi rai ya Uthman inamtosha mnunuzi hata ukikubali kuwa injini ni ngamia.

Inafaa tuseme kuwa sheria ya nchi haikuenda njia hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilichukuliwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Nayo inamlinda mnunuzi kwa kiasi, kwa kulazimisha bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wake kwa maelezo iwe na ubora wa kuuzika. Lakini mnunuzi aliyekagua hana dai juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, na pande mbili zinaweza kuyaondoa masharti hayo kwa makubaliano. Kwa hiyo Muislamu anayeuza injini anaweza kushinda mahakamani na bado akawa na mali ya mwenzake mfukoni.

Limebaki lile neno la pili la muuzaji: umeshaifungua. Hapa tena Nawawi ametutangulia. Anasema kuhusu vitu ambavyo kasoro yake ya zamani haijulikani ila kwa kuvivunja, akataja yai, nazi, na tikiti lenye wadudu: mnunuzi akivunja akaikuta kasoro, kwa kauli yenye nguvu anarudisha na halipi chochote kwa kuvunja. (Wasomaji wetu wa pwani watafurahi kuiona nazi katika kitabu kilichoandikwa Sham.) Lakini kama kasoro ingeweza kujulikana kwa kidogo kuliko alichokifanya, basi ziada hiyo inahesabiwa kuwa kasoro mpya iliyotokea mkononi mwake. Ufa wa silinda hedi hauonekani mpaka hedi ifunguliwe. Fundi aliyeishia hapo hakumharibia tajiri wake haki yoyote. Fundi aliyeendelea kuchomoa pistoni na krankshafti, akatawanya vitu kwenye turubai ilhali ufa ameshauona, ameleta mjadala mpya. Basi mafundi wa Karatu waambiwe: ukiuona ufa, simama.

Kasoro mpya ikitokea kwa mnunuzi, hakuna anayelazimishwa kubeba hasara yote. Wanaweza kukubaliana mali irudi na mnunuzi alipe upungufu alioleta, au ibaki kwake naye apewe fidia ya kasoro ya zamani. Na kama injini imeangamia, mathalani lori limepinduka kabla kasoro haijajulikana, kisha ikagunduliwa, inabaki fidia tu. Fidia hiyo huhesabiwa kwa uwiano wa thamani, nayo huwashinda wengi. Tuseme injini nzima ya aina hiyo ina thamani ya shilingi 6,000,000, na yenye ufa ina thamani ya 4,000,000. Kasoro imekula theluthi. Basi mnunuzi aliyelipa 4,500,000 anarudishiwa theluthi ya alicholipa, yaani 1,500,000, wala si ile 2,000,000 ya tofauti ya bei za sokoni.

Haki hii ya kurudisha ina sharti gumu ambalo watu wetu wengi hulipoteza bila kujua: ni ya papo hapo. Mwenye kujua kasoro akaendelea kubeba mizigo wiki mbili "mpaka nimalize mavuno", ameridhia. Vitabu vinasema hata kumwachia mnyama tandiko mgongoni baada ya kujua kasoro kunapoteza haki. Lakini papo hapo ni kwa desturi ya watu: aliyejua usiku asubiri asubuhi, aliye katika swala au chakula amalize. Na mtu wa kawaida asiyejua kuwa kuna uharaka huu wanavyuoni wamempa udhuru. Aliye Endabash na muuzaji yuko Arusha, afanye nini? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ashuhudishe. Aite watu wawili waadilifu, aseme mbele yao kuwa ameuvunja mkataba wa injini hii kwa kasoro hii, aache kuitumia, kisha afunge safari. Kupiga simu ni vizuri na kunaondoa ubishi wa tarehe, lakini tusiifanye simu badala ya mashahidi.

Vitabu vinasema pia muuzaji akiwa hayupo, shauri lipelekwe kwa hakimu. Zamani katika miji ya Kiislamu alikuwepo pia muhtasibu, msimamizi wa soko, ambaye Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) ameeleza mipaka ya kazi yake. Shayzari, aliyeandika Sham katika karne ya 12, anasema kuwa muhtasibu hawezi kuzijua fani zote, kwa hiyo amteue katika kila fani mjuzi mwaminifu wa watu wake. Anataka pia dalali wa watumwa na wanyama asiuze mpaka amjue muuzaji au apate anayemjua, na aandike jina na sifa zake daftarini, isije ikawa kinachouzwa ni cha wizi. Kadi ya gari nchini kwetu imeandikwa namba ya injini na ya chasisi, kwa sababu ile ile. Anayenunua injini iliyosuguliwa namba kwa kuwa ni rahisi, ajue kuwa mwenyewe akijitokeza na kuthibitisha, kuuziana kumebatilika toka mwanzo. Atampa mwenye mali mali yake na kumfuata muuzaji kwa fedha zake, kama atampata.

Muhtasibu hatunaye. Mahakama za kadhi za Tanganyika zilifutwa mwaka 1963, na za Zanzibar hazisikilizi kesi za biashara. Njia iliyobaki ni Mahakama ya Mwanzo, au Tume ya Ushindani kwa spea za bandia, au pande mbili zikubali wenyewe kuhukumiwa na mtu wanayemwamini. Imamu atakayeombwa kuhukumu mas'ala ya injini asiogope kusema kuwa haijui injini. Amwite fundi wa tatu asiye na maslahi kwa upande wowote, huyo ndiye mjuzi wa Shayzari, amuulize jambo moja tu: kasoro hii ni ya lini?

Na hapa tunafika kwa mtu ambaye hatujamtaja kwa ubaya hadi sasa, yule fundi aliyeshuka Arusha pamoja na mnunuzi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika jinsi soko ambalo muuzaji anajua na mnunuzi hajui linavyowafukuza wauzaji wema, maana bei ya kitu kizima hushushwa na hofu ya kibovu. Kazi hiyo ilimfanya awe mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2001. Katika soko letu mnunuzi hujikinga kwa kuchukua mtu anayejua. Lakini desturi imekuwa fundi kupewa "cha juu" na mwenye duka baada ya mteja kulipa. Fundi aliyepewa nauli na ujira na mteja ni wakala wake, na fedha anayoipokea kwa siri upande wa pili ni khiyana, hata kama injini ni nzima.

Wathila bin al-Asqa' (r.a.), miongoni mwa watu wa Suffa ambaye mwishoni aliishi Sham, hakuwa hata wakala. Mtu mmoja alinunua ngamia nyumbani kwake, akaondoka naye. Wathila akamfuata mbio, nguo yake ikiburura, akamuuliza kama alielezwa hali ya mnyama. Yule akajibu kuwa anamwona amenona, dhahiri ni mzima. Wathila akamuuliza: unamtaka kwa safari au kwa nyama? Akasema anataka kwenda naye Hija. Basi ana tundu kwenye kwato, akamwambia. Mwenye ngamia akalalamika kuwa ameharibiwa biashara yake. Wathila akamjibu kwa hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba si halali kwa mtu kuuza kitu bila ya kubainisha kilicho ndani yake, wala si halali kwa anayejua kunyamaza asikibainishe. Wameipokea Ahmad na al-Hakim, isnadi yake imezungumzwa, lakini maana yake inatiwa nguvu na hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) iliyo kwa Ibn Majah kuhusu kumuuzia ndugu yako kitu chenye kasoro. Swali la Wathila ndilo swali la fundi: injini hii ni ya gari la kwenda msikitini Ijumaa, au ni ya lori litakalopanda na shehena ya vitunguu kutoka Eyasi? Tundu lile lile kwa mchinjaji si kitu.

Ama mnunuzi asiyejua injini na asiye na fundi wa kuaminika, sheria haikumsahau. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Hibban bin Munqidh (r.a.), aliyekuwa akipunjwa katika biashara kwa sababu ya jeraha la kichwa, aseme wakati wa kununua kuwa pasiwe na udanganyifu, na akapewa khiyari ya siku 3. Kwa Shafi'i hizo siku 3 ndizo mpaka wa khiyari ya sharti, na zinahesabiwa toka wakati wa mkataba. Kwa mtu wa Endabash ni chache: siku ya kwanza injini iko njiani, ya pili inafungwa, ya tatu ndiyo inawashwa asubuhi ikiwa baridi. Anayetaka muda zaidi ana njia kwa Imamu Ahmad, ambaye anaruhusu muda wowote mradi umejulikana, na makubaliano ya mwezi mmoja yakiandikwa kwenye risiti hiyo hiyo na kushuhudiwa yanamtosha.

Wallahu a'lam.